Dazeni ya Viberiti

Kuna watu wanaonunua vitu, halafu kuna Karwirwa. Mtu wa kawaida huingia dukani, hutaja anachotaka, hulipa, hutoka. Karwirwa mke wa Naftaly aliingia dukani kama hakimu anaingia kortini. Anashika kitambaa, anakivuta, anakinusa, anakirudisha. Anaonja chumvi ya kila gunia na kuitema nje ya mlango. Anauliza bei, kisha anamtazama mwenye duka kwa huruma, kana kwamba mzee wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Kule Meru mjini alikuwako Mhindi mmoja ambaye, akimwona anavuka barabara, alimwita mkewe aje ashike kaunta, yeye akaenda nyuma kujifanya anahesabu magunia. Usibishe. Waliokuwa na macho miaka hiyo waliona.

Alikuwa mwanamke mfupi, miguu mepesi, ulimi mwepesi zaidi. Na alikuwa na dini yake ya pesa, mbali na ile ya misheni. Dini yenyewe ilikuwa ya senti za tundu. Vijana wa leo hamkuziona, mmezoea pesa zisizo na mlango. Senti kumi ya wakati ule ilitobolewa katikati, na mwanamke wa Imenti mwenye akili alizipitisha kwenye kamba ya katani akazifunga kiunoni, chini ya nguo zote. Hapo hapana mwizi, hapana panya, hapana mume. Karwirwa alikuwa akitembea unasikia kidogo tu, chri, chri, chri, na ukimuuliza ni nini anasema ni mifupa.

Kwa hiyo noti hakuipenda. Noti haitungwi kwenye kamba. Noti inalowa, inachanika, na mtu akikuona nayo anakumbuka una deni lake.

Basi mwaka wa hamsini na tano ukamkuta na noti.

Mwaka huo ulikuwa wa Emajensi, ile hali ya hatari serikali ya Waingereza ilipopigana na Mau Mau wa msituni, na watu wa miteremko ya juu ya Nkubu hawakuwa tena na boma zao. Waliamriwa waache mashamba, wabomoe nyumba, wajenge vibanda mstari kwa mstari mahali pamoja, karibu na msitu ila si ndani yake. Kijiji kikazungukwa na handaki refu kuliko mtu, na ndani ya handaki wakapanda vijiti vilivyochongwa vikali, vimesimama wima vinasubiri mtu ateleze. Geti lilikuwa moja. Daraja lake ulikuwa ubao tu, na juu yake mnara wa miti ambako homugadi, mlinzi mwenyeji wa serikali, alikaa na bunduki. Asubuhi wanawake walilazimishwa kuchimba handaki. Siku ya soko waliruhusiwa kutoka, na saa kumi geti lilifungwa. Aliyebaki nje baada ya hapo hakuitwa mama fulani tena. Aliitwa mtu wa msituni, na watu wa msituni walipigwa risasi.

Naftaly hakuwepo. Alikuwa fundi viatu, mwenye mshono wa kupinda kama mgongo wa kinyonga, na aliuringia mshono huo, maskini, kwa sababu mlima mzima hakukuwa na mwingine wa kumuiga. Siku buti ziliokotwa msituni zikiwa na mshono wa kinyonga, walikuja na lori kumchukua hata chai hajamaliza. Akapelekwa kambi ya kizuizini. Tangu hapo nyumba ya Karwirwa ilitazamwa kwa jicho la pembeni, na yeye mwenyewe alijua kwamba safari ya pili ya lori haitahitaji sababu kubwa.

Alibaki na mama mkwe wake, na Karambu, mtoto wake wa miezi saba aliyekuwa bado ananyonya na hataki kusikia uji. Na kuku wawili. Kuku hao homugadi walikuwa wameanza kuwatazama kama mtu anayechagua sufuria. Kwa hiyo siku hiyo ya soko, kabla umande haujakauka, Karwirwa aliwafunga miguu, akamnyonyesha Karambu mpaka akashiba na kulegea, akamwachia bibi kwa sababu mtoto alikuwa anakohoa na ukungu ulikuwa mzito, akateremka kuwauzia masista wa hospitali ya Nkubu.

Sista alimlipa shilingi tano. Noti. Karwirwa aliomba chenji mara tatu, kwa Kimeru, kwa Kiswahili na kwa mikono. Sista alitabasamu, akambariki, akafunga mlango.

Sasa noti hiyo ilihitaji kuvunjwa, tena haraka, na mtoto alihitaji kitambaa cha kifua. Duka lililokuwa karibu lilikuwa la Barre.

Barre alikuwa Msomali mrefu, mwenye ndevu nyekundu za hina, aliyehamia kutoka Isiolo na ngamia watatu akabaki na duka moja. Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mabati, mlango mmoja, dirisha hakuna. Aliuza majani ya chai, kamba, wembe, ugoro, kitambaa cha marekani, na viatu vya kushoto. Ndiyo, vya kushoto. Sanduku la vya kulia lilipotea njiani, na Barre hakuwa mtu wa kutupa mali. Alivipanga vyote kwenye rafu, miguu arobaini inaelekea upande mmoja, akaviuza kwa bei kamili.

Tena alikuwa na ajabu yake nyingine. Zamani, wakati wa sala ukifika, aliacha mlango wazi, na jora la kitambaa likatembea. Akaanza kuwatoa wateja nje na kufunga, wakahamia kwa Mhindi. Barre akawaza, akapata dawa: saa ya sala anafunga mlango na wateja wakiwa ndani. Mali haitoki, mteja haendi. Ndivyo ilivyokuwa kwamba Karwirwa alipoinama tu kunusa kipande cha kitambaa cha flana, alisikia komeo limeanguka nyuma yake, na giza likaingia.

“Mzee Barre! Mimi nina geti!”

Barre alishatandika mkeka. Hakugeuka.

Nyuma ya pazia, Fadumo, mke wake, alikuwa anachochea jiko la makaa. “Akianza haambiwi,” alisema. “Kaa hapa, dada. Chai?”

“Sitaki chai. Nataka mlango.”

“Mlango hatuuzi.”

Karwirwa alikaa kwenye gunia. Alisikia matiti yameanza kujaa. Aliwaza njia ya kupanda, mawe, ule mto, ubao wa geti. Hatimaye Barre alikunja mkeka, akafungua mlango, akasimama nyuma ya kaunta kama mtu aliyefika sasa hivi.

“Karibu, mama. Unasema?”

Huna haja ya kusikia mabishano ya flana. Yalikuwa makali na yalikwisha kwa shilingi mbili na thumuni. Chumvi senti thelathini, imefungwa kwa karatasi. Karwirwa akatoa noti. Barre akaitazama kama sista alivyoitazama, ila yeye hakumbariki mtu.

“Chenji hakuna. Nina shilingi moja hapa. Imebaki shilingi na senti ishirini, hiyo sina.”

“Imeenda wapi?”

“Unaniuliza mimi? Nyinyi wanawake wa huu mlima! Nikikupa senti ya tundu, wewe unafunga kamba, unatia kiuno, haionekani tena mpaka kiama. Mimi nifanye nini? Nisimame njiani nitikise wanawake?”

Nyuma ya pazia Fadumo alicheka mpaka kikombe kikagonga sahani.

“Basi nitafutie kitu cha bei hiyo,” Karwirwa akasema.

“Chukua kiatu.”

“Cha kushoto?”

“Cha kulia kinakuja.”

“Kinakuja tangu lini, mzee?”

“Njia ya Isiolo ni mbaya, wallahi.”

“Ongeza.”

“Niongeze nini?”

“Niongeze akili mimi, ili nikiondoka na kiatu kimoja nijue nimelogwa.”

“Basi pesa ikae hapa, uje soko ijayo.”

Hapo ndipo angeponea. Angesema sawa, akaenda zake. Lakini kuacha pesa kwa mtu? Karwirwa? Alikuwa tayari kuacha jino. Akapekua rafu kwa macho, na macho yakatua kwenye pakiti ya viberiti, dazeni nzima, imefungwa kwa karatasi ya buluu iliyokoza. Kiberiti kimoja senti kumi. Kumi na viwili ni shilingi na ishirini, sawasawa kabisa, kama aliyepimiwa. Tena kijijini ndani ya handaki hakukuwa na duka. Kiberiti huko kingenunuliwa hata kwa senti kumi na tano, kimoja kimoja, na faida ingeingia kwenye kamba.

“Lete hiyo,” akasema, na moyo ukamcheka. Alitoka kwa Barre anajiona yeye ndiye aliyempiga Msomali.

Akapanda mlima mbio, kiondo kikimgonga mgongoni. Chini kabisa ya kiondo ilikuwa ile pakiti, juu yake chumvi, juu yake flana. Jua lilikuwa limeinama lakini si sana. Alipozunguka kona ya mwisho aliona geti bado li wazi, na mstari wa wanawake mbele ya ubao wanasubiri kupekuliwa, akashukuru. Akaingia nyuma ya Makandi, jirani yake wa kibanda cha pili, mwanamke mkubwa aliyebeba kuni mgongoni na maneno mdomoni.

“Umechelewa, Mama Karambu. Umesikia tangazo?”

“Tangazo gani? Nilitoka na umande.”

“Mutugi ametangaza asubuhi, wewe ulikuwa umeteremka. Wameokota viberiti vitupu huko msituni, vingi. Sasa kuanzia leo mwanamke mmoja kiberiti kimoja. Anayeonekana na viwili ndiye analisha watu wa msituni. Hakuna maneno. Lori liko ndani pale, limegeuzwa tayari linatazama barabara.”

Karwirwa alitazama. Kweli, lile lori lilikuwa limegeuzwa.

“Hata mama wa mtoto mchanga?” akauliza.

“Huyo alimtaja kabisa. Alisema, msiniletee habari ya titi.”

Ukitaka kujua jinsi panya anavyojisikia, simama mahali alipokuwa Karwirwa. Mbele, Mutugi, homugadi wa geti, na meza yake. Nyuma, njia tupu, na mnara juu unatazama njia hiyo. Mwanamke anayetoka kwenye mstari na kurudi alikotoka ana kitu anaficha, na mtu wa mnarani hakuwa mvivu wa kidole. Kulia na kushoto nyasi zimefyekwa mpaka udongo, hata panzi hana pa kujificha. Atupe handakini? Pakiti ya buluu juu ya vijiti vyeupe, ingeonekana kama bendera. Aifunge ndani ya flana? Flana hukunjuliwa. Aitie ndani ya nguo? Pale kwenye meza kulikuwa na mwanamke wa kupapasa wanawake, na mikono yake haikujua aibu. Na kutoka kibanda cha tatu, ng'ambo ya handaki, alimsikia Karambu. Kikohozi kwanza, halafu kilio. Maziwa yakamtoka palepale yakalowesha nguo.

“Mama Kirimi,” akamwambia Makandi, bila kusogeza midomo. “Nina kumi na viwili.”

“Kumi na viwili nini?”

“Hivyo hivyo.”

Makandi alipandisha kuni juu ya mgongo. Kisha akasema, “Wewe una wazimu? Nani anakulipa?”

“Ni chenji ya Barre.”

“Chenji?”

“Hakuwa na senti za tundu.”

Mabega ya Makandi yalianza kutikisika chini ya kuni. Alikuwa anacheka. Mtu yuko mlangoni mwa kifo na jirani yake anacheka, lakini tusimlaumu, ni mambo ya pumzi.

“Una kiberiti chako?” Karwirwa akauliza.

“Sina.”

“Chukua kimoja. Utanirudishia ndani.”

“Nikikamatwa?”

“Na kimoja utakamatwaje? Kimoja ni ruhusa.”

Makandi akawaza, akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, kama anayejikuna. Karwirwa akatumbukiza mkono kiondoni, akapasua karatasi kwa kucha ndani kwa ndani, akatoa kimoja, akakiweka. Makandi naye akamnong'oneza aliyekuwa mbele yake, Kagure, binti wa Embu aliyeolewa huku, mnyonge wa sura, mkimya. Kagure hakuuliza swali hata moja. Akanyoosha mkono. Basi viberiti vikapanda mstari, mkono kwa mkono, kama ugoro kwenye karamu ya mahari. Mwingine alinong'ona anacho chake, akapitisha mbele. Mwingine alisema hawezi, anatetemeka, akasukumwa kiwiko, akachukua. Mstari ulikuwa unasogea, na kila ulivyosogea Karwirwa alikuwa anaona meza inakua.

Mwisho wa mambo vikabaki viwili na ile karatasi. Kimoja chake. Cha pili hakikuwa na mwenyewe.

“Njiti zitie kwenye chumvi,” Kagure akasema bila kugeuka, kwa sauti ndogo ya mtu anayesali. “Kiboksi kivunje, ni ubao tu, kitie katikati ya kuni.”

Alifanya hivyo. Njiti zikazama chumvini. Kiboksi kikavunjika vipande vya mbao nyembamba, Makandi akarudi nyuma hatua moja kama aliyechoka, vipande vikaingia ndani ya mzigo wake.

“Na karatasi?”

“Kula,” akasema Kagure.

Ile karatasi ilikuwa kubwa. Nani aliyeambia watu wa kiwanda wafunge kwa karatasi ya kutosha kuvaa? Karwirwa aliikata vipande kiondoni, akawa anajifuta pua, kila akijifuta kipande kinaingia mdomoni. Alitafuna kama mbuzi wa mgeni. Ilikuwa chungu, inakwama kooni, lakini alimeza yote, na cha mwisho kilishuka Kagure alipoitwa mezani.

Mutugi alikuwa rika moja na Naftaly. Walitahiriwa siku moja, na kwa desturi wake wote wa rika hilo walimwita shemeji. Zamani alikuwa anakula kwa Karwirwa kila Krismasi na kulamba sahani. Tangu apewe koti na bunduki hakupenda kukumbushwa sahani.

“Kiberiti?” alimuuliza Kagure.

“Kimoja, shemeji.”

“Na wewe kimoja? Kila mwanamke leo ana kiberiti! Huko Nkubu kuna nini, wanagawa?”

Makandi alikaza kamba ya kuni.

“Si umetangaza mwenyewe, kimoja kimoja?” Kagure akasema, macho chini. “Tumetii. Tulidhani asiye nacho ndiye mwenye makosa.”

Mtu wa mnarani alicheka. Mutugi hakupenda kuchekwa, akamsukuma Kagure apite, akampitisha na Makandi bila hata kugusa kuni, na hasira yote ikabaki kwa wa mwisho.

“Mke wa fundi viatu. Weka kiondo.”

Karwirwa akaweka. Yule mwanamke wa kupapasa akampapasa, mikono ikafika kiunoni, chri, ikasita, ikacheka, ikaendelea. Mutugi akakunjua flana, akaikung'uta. Akatoa kiberiti, akakitikisa, akakiweka kando. Kisha akafungua karatasi ya chumvi. Alikuwa na tabia ya kuonja chumvi ya kila mtu. Hiyo ilikuwa kodi yake ndogo. Akalamba kidole. Kidole kikaanza kushuka.

“Shemeji, usiguse,” Karwirwa akasema.

Kidole kikasimama hewani. “Kwa nini?”

Hakuwa na sababu. Alifungua mdomo kuitafuta, na Mutugi akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

“Ulimi wako una nini?”

Karwirwa hakujua ulimi wake una nini. Lakini aliona macho ya yule mwanamke wa kupapasa yakitoka, akamwona anafuta mikono kwenye sketi, na ndipo alipokumbuka rangi ya ile karatasi.

“Ni ugonjwa wa mdomo,” akasema. “Nimetoka kwa masista. Wamenipaka dawa.”

“Dawa ya masista ni zambarau. Mimi nimepakwa. Hii ni buluu.”

“Zambarau ni ya vidonda vya kawaida. Hii ni ya vile vinavyoambukiza.” Akasogea mbele kidogo. “Tazama hapa ndani, shemeji, huku nyuma…”

“Rudi! Nimesema rudi!”

“Na nimeionja chumvi yote dukani, ndiyo maana nikasema…”

“Chukua takataka zako upite! Pita!”

Alipita. Alivuka ubao. Alilipita lori bila kulitazama. Mlangoni mwa kibanda mama mkwe wake alimwona akapiga yowe, “Umekula nini, wewe? Umekuja umeshakufa?” Karwirwa alimpita. Alichukua mtoto, akakaa sakafuni, akampa titi, na Karambu akamshika nguo kwa ngumi ndogo akaendelea kunyonya kama hapana serikali.

Wengine wangemshukuru Mungu wakanyamaza. Lakini mtu hawi mwingine kwa sababu ya alasiri moja. Asubuhi, kwenye kuchimba handaki, Karwirwa alikuwa na jembe mkononi na hesabu kichwani. Akamsogelea Makandi.

“Mama Kirimi, kile kitu.”

“Kitu gani?”

“Kiberiti changu.”

Makandi alitupa koleo la udongo juu, akajifuta. “Kiberiti chako ulichokuwa nacho jana? Si ulipita nacho? Mutugi mwenyewe alikitikisa.”

“Usinifanyie hivyo.”

“Sema kwa sauti, mama. Mutugi yule pale. Mwambie una viberiti vingine kijijini unataka virudi.”

Akaenda kwa wa pili, wa tatu. Mmoja alisema kimelowa. Mmoja alisema bibi yake amekichukua kwa ugoro. Mmoja alimwambia waziwazi: “Nilikibeba na shingo yangu, Mama Karambu. Shingo yangu si senti kumi.” Karwirwa akarudi kwenye jembe lake. Alikuwa ndani ya shimo, kila upande udongo, na kila jembe lililokuwa likipanda na kushuka kando yake lilikuwa la mtu anayejua.

Kagure ndiye aliyekuja mwenyewe, wakati wa kupumzika, akachuchumaa karibu naye.

“Soko ijayo unateremka?”

“Kufanya nini? Sina kuku tena.”

“Una shilingi,” Kagure akasema kwa sauti ile ya kusali. “Na sisi tumechanga kidogo. Nenda kwa Msomali, wewe atakuuzia dazeni bila maswali. Mstari utakuwa umepangwa, kila mtu anajua mkono wake. Kijiji hiki kina vibanda vingi vinalala baridi.”

“Mara moja ilitosha. Nina mtoto.”

“Wote tuna watoto.”

“Nikikataa?”

Kagure alitazama jembe lake. Hakuwa anatisha; sura yake ilikuwa ya mtu anayehurumia. “Wanawake kumi wanajua, Mama Karambu. Wanawake kumi wakiwa na moto nyumbani hawana la kusema. Wakikosa moto, sijui watasema nini. Hata mimi sijijui.”

Siku ya soko ilifika na ukungu uleule. Wanawake walijipanga mapema ndani ya geti, na walimsalimu Karwirwa mmoja mmoja, kwa upendo ambao hakuwahi kuonyeshwa hata siku ya harusi yake. Shilingi yake na michango yao vilikuwa ndani ya fundo la shuka. Alipoinama kumchukua mtoto, mama mkwe alimshika mkono.

“Unampeleka wapi? Ukungu huu wote, na kikohozi hakijaisha.”

“Anakwenda na mimi.”

“Juzi ulisema hewa ni mbaya.”

“Bado ni mbaya, mama.”

Akamfunga Karambu mgongoni kwa ile flana, akakaza fundo kifuani mara mbili, akajaribu kuruka kidogo kuona kama litalegea. Halikulegea. Getini Mutugi alimtazama kwa mbali, bila kusogea.

“Leo hata mtoto? Unamtoa nje kwa nini?”

“Ananyonya sana siku hizi, shemeji.”

“Na mdomo?”

“Mdomo unaendelea.”

Akakanyaga ubao. Mtoto alikohoa mara moja mgongoni mwake, akalaza shavu, na Karwirwa akasikia joto lake limeshuka mpaka kiunoni. Saa kumi geti lingefungwa kama kawaida, na upande wowote ambao lingemkuta, lingewakuta wote wawili. Akaanza kuteremka kwenda Nkubu, na nyuma yake, mmoja mmoja, wale wengine wakavuka.